Ini ndo linaumwa, mbona akili inayumba?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba ana makovu kwenye ini, chanzo homa ya ini B. Majuzi alichanganyikiwa akalazwa siku 4, akarudi yuko poa, ila sasa chenji za dukani zinamshinda na anauliza kitu kilekile mara tatu. Ni uzee? (Binti, Morogoro)

JIBU: Marahaba binti, pole. Usikimbilie kusema uzee. Utumbo unatengeneza amonia (aina ya sumu), ini zima huisafisha, likichoka amonia inapita na damu mpaka kwenye ubongo na ndo mtu anachanganyikiwa, usingizi unageuka usiku na mchana, mikono inapepea akiinyoosha. Zamani tuliamini akizinduka yamekwisha, kumbe kwa wengine kumbukumbu na wepesi wa kujifunza havirudi vyote, na kila akizidiwa tena ndo upungufu huo unaongezeka.

Kwa hiyo kazi yenu ni kuzuia asizidiwe tena. Ile dawa ya maji tamu, laktulosi, asiiache eti anaharisha, lengo ni choo laini mara 2 au 3 kwa siku, zikizidi sana mwambieni daktari maana kukaukiwa maji nako kunaleta shida ileile. Pombe hapana, vidonge vya usingizi hapana, na msimnyime maharage na samaki (hii ya kukataza protini watu wameing'ang'ania kweli!). Kama anaendesha pikipiki, aipaki kwanza, maana akili bado inayumba. Akitapika damu, choo kikiwa cheusi, au homa ikipanda, hospitali siku hiyohiyo.