Kwa Nini Bado Unachonga Nta

Mwanangu mpendwa,

Katika barua yako umeniuliza kwa nini nakuweka kwenye meza ya nta mwezi wa nne sasa, ukichonga magego kwa mkono, ilhali mashine iliyo chumba cha pili huchonga mataji ya meno, yaani vifuniko vya kuvika meno yaliyoharibika, usiku kucha bila kuchoka. Ni swali la haki, wala sitalijibu kwa kusema kwamba ndivyo babu yako alivyonifundisha, ingawa ndivyo.

Mashine ile hunishinda kwa mengi, lakini hufanya iliyoambiwa tu. Unajua kwamba zirkonia, ile kauri ngumu ya kutengenezea mataji, huchongwa ingali laini kama chaki, ikiwa kubwa kuliko taji linalotakiwa, kwa sababu tanuri lenye joto la nyuzi 1,500 hivi huikaza hadi ikapungua kwa takriban asilimia 20 kila upande, na kwamba kila kibamba chake cha kuchonga huja na namba yake ya upungufu. Mwaka ulioanza sekondari niliingiza namba ya kibamba kilichokwisha badala ya kile kipya. Programu haikulalamika, na daraja la meno bandia matatu yaliyoungana likatoka tanurini likimeremeta. Nilipoliweka juu ya modeli ya plasta, kidole changu kikahisi linacheza kidogo mno. Tulilirudia usiku uleule. Laiti lingemfikia mgonjwa, mate na mabaki ya chakula yangepenya ukingoni, na jino lililo chini yake lingeoza bila yeye kujua.

Vipandikizi, yaani mizizi bandia ya meno inayopandwa ndani ya mfupa wa taya, ndivyo hasa vinavyonitia hofu. Jino la asili limeshikwa ndani ya mfupa kwa nyuzi laini, hivyo mtu anapotafuna hubonyea kidogo sana. Kipandikizi cha titani hakina nyuzi hizo. Mfupa hukishika wenyewe, jambo ambalo Per-Ingvar Brånemark alianza kulibaini nchini Uswidi mwaka 1952, na mshiko huohuo unaokidumisha ndio unaokinyima nafasi ya kukwepa mzigo. Taji lake likizidi kimo kwa unene wa unywele tu, kila tafuno litaligonga lenyewe kwanza, mpaka skrubu ilegee au kauri imeguke. Ndiyo maana tunaliachia guso jepesi: taya zikifungwa taratibu, ukanda ule mwembamba wa kupimia uteleze katikati, na zikibana kwa nguvu, ushikwe.

Wepesi huo hutaujua kwa kuzungusha picha kwenye kioo cha kompyuta. Utaujua kwa kuijenga nta tone kwa tone, kufunga kile kifaa kinachoiga taya, kuona ncha ipi ya gego la juu inagusa bonde la gego la chini kabla ya wenzake, kuikwangua, kisha kufunga tena. Siku utakapokaa mbele ya mashine, na utakaa, nataka uwe unajua unachoiagiza.

Gego uliloliacha mezani jana nimelitazama kwa lenzi. Ncha zake nne zimekaa vizuri kuliko nilivyotarajia, na mfereji wa katikati umeupata. Ukingo wa upande wa ulimi ndio ungali mnene. Nimeuwekea alama nyekundu pale panapohitaji kukwanguliwa. Usiliyeyushe, lirekebishe hilohilo.

Akupendaye,
Baba yako