Ukitaka kuisaidia Komoro, anzia bandarini kwako

Kwa miaka mingi nimekuwa nikipeleka vitunguu, viazi na mifugo Moroni, mji mkuu wa Komoro. Kila viongozi wetu wa Tanzania na wale wa Komoro wanapotembeleana, napigiwa simu na waandaaji wa mikutano: vijana wa vyama vya wafanyabiashara, watu wa mashirika, mara moja moja ofisa wa serikali. Swali lao halibadiliki: tuwasaidieje jirani zetu? Nimeona niandike jibu mahali pamoja, maana kulirudia kwenye simu nimechoka.

Anzeni na kinachokwama upande wenu. Komoro ina watu wasiofika milioni moja, na sehemu kubwa ya wanachokula inakuja kwa bahari. Kutoka Dar es Salaam hadi Moroni ni kama kilomita 700. Kutoka Mtwara hazifiki 400. Umbali huo si mkubwa. Bei anayolipa mama wa soko la Volo Volo, pale Moroni, inapandia huku kwetu, chombo kikisubiri nafasi gatini na karatasi moja ikizaa nyingine. Kuna bandari moja, sitaitaja, ambako ng'ombe wangu waliokwisha kupimwa na daktari wa mifugo walidaiwa kibali kingine siku ya kupakia. Ng'ombe hangoji muhuri. Anakula pale gatini majani yaliyokuwa ya njiani, anashuka Moroni mbavu zinahesabika, na mnunuzi anakata bei bila hata kuuliza kulikoni. Mkopo wa mabilioni hautibu hilo. Linatibiwa na zizi lenye maji na kivuli karibu na gati, na daktari wa mifugo anayekaa meza moja na watu wa forodha.

Upande wa kule nako kuna kazi, sikatai. Bandari ya Moroni ina maji mafupi, kwa hiyo meli kubwa inatia nanga nje na mzigo unateremshwa kwenye matishari. Bahari ikichafuka, kazi inasimama na gharama zinaendelea kuhesabiwa. Gati lenye kina liko Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani. Mwenye fedha za ujenzi anajua pa kuzipeleka. Sisi majirani tusio na fedha hizo tuna kazi yetu nyingine.

Sasa usalama, ambao wengi hudhani ni bunduki. Watanzania tunapenda kukumbusha kwamba tulikwenda Nzwani, na ni kweli. Machi 25, 2008, askari wa Umoja wa Afrika, wakiwemo Watanzania na Wasudani, waliteremka kisiwani pamoja na jeshi la Komoro na kumng'oa Kanali Mohamed Bacar, aliyekuwa amekataa kutii serikali ya Muungano wa Komoro baada ya uchaguzi alioufanya Nzwani mwaka 2007. Bacar alikimbilia kwa boti Mayotte, kisiwa jirani kilicho chini ya Ufaransa. Wanaponiuliza kwa nini kazi ile ilikwenda haraka, siwatajii silaha. Serikali ya Rais Sambi wa Komoro ndiyo iliyoomba, Umoja wa Afrika ukaridhia, na lengo lilikuwa moja, lenye mwisho.

Linganisheni na Bob Denard. Mamluki huyu Mfaransa alimpindua Ali Soilih mwaka 1978, akamrudisha Ahmed Abdallah, kisha watu wake wakakaa kama walinzi wa rais kwa zaidi ya miaka kumi. Mishahara ya kikosi kile ilitoka kwa Makaburu wa Afrika Kusini, nao wakapata visiwa vya kupitishia biashara zao zilizowekewa vikwazo. Mwaka 1989 Abdallah aliuawa ndani ya ikulu iliyokuwa chini ya ulinzi huo huo. Kwa hiyo mtu akija na mpango wa "kuimarisha ulinzi", ulizeni mshahara wa mlinzi unatoka wapi na mlipaji anapata nini.

Na ulizeni pia ni usalama wa nani. Mwaka 2019 Ufaransa iliahidi Komoro euro milioni 150, na ndani ya makubaliano hayo kulikuwa na kuzuia boti za kwenda Mayotte. Ufaransa ina haki ya kuutazama mpaka inaouita wake, ingawa Komoro haijawahi kukubali kwamba Mayotte si yake. Lakini Mnzwani anayepanda kwasakwasa, zile boti ndogo za uvuvi, usiku haitwi na magendo tu; ana ndugu ng'ambo, na hospitali anayoiamini iko ng'ambo. Tangu 1995 anatakiwa viza kwenda kisiwa anachokiona kwa macho. Doria peke yake inamfanya achague njia ndefu na bahari mbaya zaidi.

Samaki nao wamo humo humo kwenye usalama. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliipa Komoro kadi nyekundu kwa uvuvi haramu, hasa kwa sababu meli za kigeni zilikuwa zikipeperusha bendera yake bila usimamizi wa kutosha. Mlango wa soko la Ulaya ukafungwa kwa samaki wake. Nchi ndogo haina vyombo vya kumfuata kila anayebeba bendera yake. Hapo jirani mwenye rada na kikosi cha majini anaweza kusaidia bila kupeleka askari hata mmoja nchi kavu: kuwapa taarifa za meli, kupokea wito wa chombo kilichopata hitilafu, kutuma tahadhari ya hali ya hewa mapema. Manahodha wetu wanaikumbuka Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipopita karibu na Ngazidja, kisiwa chenye Moroni.

Kwenye biashara, Komoro iliingia rasmi Shirika la Biashara Duniani Agosti 2024, baada ya safari iliyoanza na maombi ya mwaka 2007. Hongera zao, lakini uanachama haujazi tumbo la meli. Tunapeleka mzigo, tunarudi vyombo vikiwa karibu vitupu, na nauli ya kurudi anailipa yule yule mla vitunguu. Wanachouza wao ni vanila, karafuu na mafuta ya langilangi, ua la kutengenezea manukato. Karafuu kwetu hawauzi, tunayo Pemba. Vanila na langilangi, lakini, zinakwenda Ulaya, na zingeweza kupitia kwetu kama mzigo wa mpito ungetolewa bila kufunguliwa na kukaguliwa upya kama wa kuingia nchini. Kaka mmoja wa Moroni aliniambia, "Ndugu yangu, mbuzi wako nampokea kila mwezi, mafuta yangu wewe hujawahi kuyabeba." Nilimjibu kwamba ningeyabeba kesho, kama ningejua yatakaa bandarini siku ngapi.

Hilo la siku ngapi ndilo ningewaomba waandaaji walipeleke mezani kabla ya hotuba. Mkutano ufanyike Mtwara. Waiteni manahodha, daktari wa mifugo, wakala wa forodha na wale akina mama wa Volo Volo, na muwalipie nauli, kwa sababu wao hawana posho ya safari. Upangwe kabla upepo wa kusi haujakaza, la sivyo wenye vyombo vidogo watachelewa.