Bei ya dagaa ikipanda, nifungue kurasa zote?

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Mi niko Mwanga hapa Kigoma, nimemtengenezea shangazi tovuti ya biashara yake ya dagaa na mawese, nimeandika mwenyewe HTML, CSS na JavaScript kidogo, hamna WordPress wala nini. Ina kurasa kama 14 hivi. Kila ukurasa nimeweka kikokotoo, mteja anaandika kilo anachagua mji, Dodoma au Mwanza au Dar, inamletea bei pamoja na pesa ya kusafirisha mzigo kwa basi, na chini kabisa kuna namba za simu na kitufe cha WhatsApp. Shida ni kwamba kodi (code, yale maandishi ya programu) ya hicho kikokotoo nimeikopi na kuipesti kurasa zote. Bei ikipanda nazunguka ukurasa mmoja mmoja, juzi nikaruka miwili, mteja wa Dodoma akaja na bei ya zamani, shangazi akamuuzia hivyohivyo maana tovuti ni yetu, ila nyumbani nilisemwa mpaka basi. Hivi hamna namna ya kuandika mara moja ikatokea kote? Au nihamie tu WordPress?
– Mdau wa Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. WordPress usihamie kwa ajili ya hili, tovuti uliyoiandika mwenyewe na unaijua kila kona usiitupe kirahisi, halafu kwenye WordPress nako watu wanapesti kodi ileile kila ukurasa na wanalia kama wewe, msome dada wa Tabora hapo chini.

Sasa, umechanganya vitu vitatu humo ndani: kuna bei, kuna hesabu yenyewe ya kikokotoo, na kuna maandishi ya chini. Wengi watakwambia hamishia kodi kwenye faili moja basi umemaliza, na ni kweli, ila mi naona kinachokutesa ni bei. Hesabu ya kilo mara bei haijabadilika tangu uiandike. Bei ndo haitulii, na haitakaa itulie, we mwenyewe wa hapo unajua dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali taa hazina kazi, mzigo unaoshuka Kibirizi unapungua na bei inaruka, hiyo ni kila mwezi, na bado hujahesabu kama ule mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika uliposimamishwa miezi 3 kuanzia katikati ya Mei. Kwa hiyo bei ipe faili lake peke yake, liite bei.js, ndani yake weka hivi tu, namba ni za mfano:

const BEI = { dagaa: 30000, mawese: 5000, dodoma: 8000, mwanza: 7000 };

Hilo faili liwe fupi kiasi kwamba siku hupo hata binamu yako anaweza kulifungua akabadili namba bila kuharibu kitu. Hesabu nzima ihamie kikokotoo.js, halafu kila ukurasa, juu kidogo ya </body>, unabakiza mistari miwili:

<script src="/js/bei.js"></script>
<script src="/js/kikokotoo.js"></script>

Bei itangulie, ukigeuza, kikokotoo kikitaka bei mapema kinakuta haipo na kinagoma. Na uone ule mkwaju (/) mwanzoni, kabla ya js. Usiuache. Ukiandika js/bei.js bila mkwaju, ukurasa wa mwanzo utafanya kazi vizuri kabisa utafurahi, ila ule ulioko ndani ya folda ya bidhaa utaenda kutafuta bidhaa/js/bei.js, hamna kitu kama hicho, kikokotoo kinakaa kimya na we unaanza kutafuta kosa kwenye hesabu wakati hesabu haina kosa. Mkwaju unamwambia brauza aanzie kwenye mzizi wa tovuti, popote ukurasa ulipo.

Fomu yenyewe, yale masanduku ya kuandika kilo na kuchagua mji, nayo usiikopi tena. Ukurasani weka <div class="kikokotoo"></div> tupu, halafu kikokotoo.js ndo ijaze fomu humo ndani. Hayo ni majina ya kutambulisha kipande cha ukurasa, tumia class usitumie id, kwa sababu id inatakiwa iwe moja tu kwa ukurasa, siku ukitaka vikokotoo viwili ukurasa mmoja, cha dagaa na cha mawese, getElementById itakuletea cha kwanza tu, cha pili mteja anabonyeza weee hakuna kinachotokea. Na querySelectorAll('.kikokotoo') unavipata vyote, unavipitia kimoja kimoja, na kila kimoja kilo zake unazitafuta ndani ya sanduku lake, siyo ukurasa mzima, hapo ndo wengi wanapochemka.

Kuna jambo lingine litakalokukuta wiki ya kwanza tu. Unabadili bei, unapandisha faili kwenye seva, unafungua kwa simu yako unaona bei ileile ya jana. Seva haina kosa, brauza imetunza nakala ya faili la zamani ili isilipakue tena, na kwa kawaida hilo ni jema maana mteja wa kule Uvinza mwenye bando la kuungaunga analipakua mara moja kisha kurasa zote zinalitumia hilohilo, tofauti na saivi ambapo anapakua kodi ileile upya kila ukurasa. Ila kwenye bei hatutaki. Dawa iliyozoeleka ni kuongeza alama mwishoni, /js/bei.js?v=2, kesho v=3, brauza inaona ni anwani mpya inapakua upya. Lakini utasema si narudi kulekule kufungua kurasa 14 kubadili hiyo v? Kweli kabisa, ndo maana ile mistari miwili ya script nayo inatakiwa ikae sehemu moja, na hapo tunaingia kwenye yale maandishi ya chini.

Namba za simu na WhatsApp mi sikushauri uziweke kwa JavaScript, script ikishindwa kupakuka mteja haoni hata pa kupiga. Hizo ziunganishwe kwenye seva kabla ukurasa haujamfikia. Hostingi nyingi za bei nafuu zina PHP tayari, lugha ya programu inayosomwa na seva, umeshailipia hata kama huitumii. Tengeneza folda ya sehemu, ndani yake chini.php, weka humo simu, kitufe cha WhatsApp na ile mistari miwili ya script, halafu kila ukurasa pale chini andika:

<?php include $_SERVER['DOCUMENT_ROOT'] . '/sehemu/chini.php'; ?>

Siku nyingine ukibadili v unaibadili humo tu. Hiyo DOCUMENT_ROOT inafanya kazi ileile ya mkwaju wetu wa juu. Jua pia kwamba include ikikosa faili inatoa onyo na ukurasa unaendelea, require ikilikosa inasimamisha kila kitu, kwa maandishi ya chini include inatosha.

Ila ili PHP isomwe, inabidi kurasa zako ziache kuitwa .html ziwe .php, na hapo watu wanajisahau, maana linki ya dagaa.html shangazi ameshaituma kwenye magrupu yote ya WhatsApp, na kesho yake ikifunguliwa ukurasa haupo. Kama seva yako inatumia programu ya Apache, kwenye faili lake la maelekezo, .htaccess, ongeza mstari wa kumhamisha mteja kutoka anwani ya zamani kwenda mpya:

Redirect 301 /dagaa.html /dagaa.php

Mstari mmoja kwa kila ukurasa. Inachosha lakini hiyo ndo mara ya mwisho kuzunguka kurasa zote.

SWALI: Habari za kazi kaka. Nauza asali hapa Tabora mjini, tovuti yangu ni ya WordPress. Nina kodi ya fomu ya oda niliyotengenezewa, naipesti kwenye kila ukurasa wa asali. Nafanyaje?
– Dada wa asali, Tabora

JIBU: Salama dada. Kama ni maandishi na picha tu, tumia zile patani zinazofanana kote, unabadili moja zinabadilika zote, zamani ziliitwa bloku za kutumia tena, jina limebadilika toleo la 6.3 mwaka 2023. Lakini kwa fomu yenye kodi mi ningechukua shotikodi, yaani neno fupi kwenye mabano ambalo WordPress inaligeuza kuwa fomu nzima, iko WordPress tangu toleo la 2.5 mwaka 2008. Aliyekutengenezea aandike hivi:

add_shortcode('oda_asali', 'fomu_ya_oda');

Halafu we ukurasani unaandika [oda_asali] tu, basi. Mwambie mambo mawili. Hiyo fomu_ya_oda irudishe fomu kwa return, akitumia echo fomu itarukia juu ya ukurasa badala ya pale ulipoiweka. Na asiiweke kwenye functions.php ya themu yenyewe, maana siku themu ikisasishwa inafutika yote, aiweke kwenye themu mtoto au plagini ndogo ya kwako.

SWALI: Fundi, mi niko Kasulu, nimefanya kama hiyo include ila nikifungua ukurasa kwenye laptopu kwa kubonyeza mara mbili, sehemu ya chini haionekani. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea, PHP inasomwa na seva na we umefungua faili moja kwa moja, hakuna seva hapo. Kama una PHP kwenye laptopu, ingia kwenye folda ya tovuti kwa teminali, andika php -S localhost:8000, kisha fungua anwani hiyo kwenye brauza. Intaneti haihitajiki.