Kutoka Kuandika Programu hadi Kuendesha Kampuni: Ushauri kutoka Kigoma

Nilisomea sayansi ya kompyuta, nikaajiriwa kwa miaka kadhaa kuandika programu za watu wengine, na sasa naendesha kampuni changa hapa Kigoma inayowatunzia wafanyabiashara wa dagaa hesabu za mauzo na madeni. Vijana wanaomaliza chuo huniuliza waanzie wapi, nami huwajibu kwamba wasianze na kompyuta. Chuoni tunapewa tatizo likiwa limekwisha kuandikwa ubaoni. Kwenye kampuni unalitafuta mwenyewe, tena lile ambalo mwenye nalo yuko tayari kulitolea fedha.

Chukua suala la ada. Programu nyingi hulipiwa kila mwisho wa mwezi, na mwandishi wa programu huona hivyo ndivyo ilivyo kawaida. Mwaloni Kibirizi, ufukweni wavuvi wanakoshushia samaki, kalenda ni nyingine: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapong'aa taa hazivuti samaki vizuri, hivyo wavuvi hupumzika na fedha hupungua mikononi mwa kila mtu mpaka giza lirudi. Ukimdai mteja wakati wa mbalamwezi hulipwi, na pengine unampoteza kabisa. Sisi hukusanya ada wakati wa giza, na badiliko hilo limetufaa kuliko kazi yote tuliyoifanya ya kuongeza kasi ya seva. Tulilijua kwa kukaa na mama mmoja aliyekuwa akianua dagaa, daftari lake likiwa juu ya beseni: jina, kiasi, na mstari uliokatwa juu ya jina la aliyekwisha kulipa. Basi, omba kuliona daftari la mteja kabla hujaandika chochote, na uangalie pia simu yake, kwa sababu kama ni ya kitochi, programu yako ya simu janja haitamfikia.

Usiache ajira kwa sababu umesifiwa. Watu wa huku ni waungwana, watakisifu kitu ambacho hawana nia ya kukinunua. Subiri walipe, tena zaidi ya mara moja. Weka na akiba, kwani uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ili samaki wazaliane, biashara zinazotegemea dagaa ziliyumba pamoja na wavuvi.

Mgawanyo wa hisa na mwenzako uandikwe kabla ya kusajili kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, hata kama mmesoma pamoja tangu shule ya msingi. Kumbuka vilevile kwamba orodha ya wadaiwa ni taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata ukiwa na wateja wachache.

Lililo gumu zaidi kwa watu wa fani yetu ni kuiachia kompyuta. Siku hizi programu huandikwa na kijana anayenizidi ufundi, nami asubuhi niko mwaloni nikisikiliza malalamiko ya wateja, ambayo mengi hayahusu programu hata kidogo.