Maswali na Majibu: Taa ya barazani na uniti zisizokaa

SWALI: Assalaam alaykum. Nyumba yetu ina glopu tano za kizamani za wati 60, na ile ya barazani huwashwa magharibi ikazimwa alfajiri kwa ajili ya usalama. Uniti tunazonunua hazikai. Mume wangu anasema kuwasha na kuzima kila mara ndiko kunakokula umeme, hivyo bora taa ziachwe zikiwaka. Nami nasita kununua za LED, kwani ya jirani yetu iliungua mapema mno. Tufanye nini?
Mama wa watoto wanne, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, mama. Anza na taa ya barazani, hata kama fedha iliyopo inatosha balbu moja tu, kwa sababu ndiyo inayowaka muda mrefu kuliko zote. Visiwani kwetu usiku hukaribia saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo glopu hiyo hula takriban uniti 21 na nusu kwa mwezi, ilhali ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana nayo, hula kiasi cha uniti 3 na robo. Glopu ya kizamani huangaza kwa kupasha moto uzi mwembamba wa metali hadi ung'ae, na zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake huishia kuwa joto. Ndiyo maana haishikiki ikiwa imewaka.

Kuhusu kuwasha na kuzima, kwa heshima zote kwa baba wa nyumba, umeme wa ziada unaoingia swichi inapobonyezwa hudumu chini ya sekunde moja, na mita haiuhisi. Taa za mirija hupungua umri zikiwashwa mara nyingi, lakini hata hizo hazili umeme zaidi kwa kuzimwa. Chumba kisicho na mtu kizimwe taa.

Balbu ya LED huuawa hasa na joto na umeme unaopanda na kushuka. Ndani ya kitako chake mna vifaa vidogo vinavyogeuza umeme, na balbu ikifungiwa ndani ya kifuniko cha kioo kisichopitisha hewa, vifaa hivyo huungua mapema ingawa vijitaa vyenyewe bado ni vizima. Tazama basi kama ya jirani ilifungwa hivyo. Dukani soma lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, kwenye boksi, si wati peke yake: badala ya glopu ya wati 60, tafuta lumeni kati ya 700 na 800, kisha mwombe muuzaji aijaribu mbele yako na akupe risiti pamoja na dhamana ya maandishi.

Wanaposomea watoto usipabanie mwanga. Hapo weka balbu yenye lumeni nyingi zaidi, kwani hata ya LED ya wati 12 haifiki robo ya matumizi ya glopu uliyonayo sasa.