Simu ya gemu ya mamilioni: jibu refu kwa mdau wa Moshi

Mkuu, umeuliza hivi: uko Moshi, una milioni tatu, unacheza PUBG Mobile (gemu la kufyatuliana) kwa muda wa saa tatu hadi nne kila jioni na eFootball (la mpira) wikiendi, na unapima kati ya RedMagic na ROG Phone, ambazo ni simu za gemu, na simu ya kawaida ya daraja la juu. Wengi wamekujibu kwa namba za kwenye boksi: hertz 165 (mara kioo kinavyobadilisha picha kwa sekunde), RAM ya GB 24, betri kubwa. Mimi naanzia kwingine. Simu ya gemu inalipiwa kwa ajili ya dakika ya thelathini. Dakika tano za mwanzo, simu zote za bei hiyo ni sawa tu.

Chukua prosesa, ubongo wa simu. RedMagic 9 Pro na ROG Phone 8 zote zina Snapdragon 8 Gen 3, na Galaxy S24 Ultra nayo inayo. Kinachozitofautisha ni joto linapotokea. Prosesa ikishapata moto, simu inaipunguza kasi yenyewe ili isijiunguze na isikuchome mkononi. Hapo ndipo fremu (picha ambazo gemu linatoa kwa sekunde) zinaporomoka kutoka 90 hadi 60 na chini yake, na kioo kinafifia bila wewe kugusa chochote. RedMagic wameweka feni halisi ndani ya simu. Ya 9 Pro inafika mizunguko 22,000 kwa dakika. ROG haina feni ndani, ina feni ya kupachika mgongoni, inaitwa AeroActive Cooler. Kwa hiyo ukitajiwa bei ya ROG, swali la kwanza ni kama feni hiyo imo kwenye boksi au inalipiwa pembeni, maana bila hiyo faida ya simu imepungua sana.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Arusha iko juu, karibu mita 1,400, na Juni na Julai baridi ile inakusaidia kuipoza simu bure. Moshi iko chini zaidi na ina joto, na Januari hadi Machi chumba chenye bati bila dari jioni bado kinafuka. Simu iliyokwenda vizuri dukani Arusha asubuhi inaweza kukuangusha nyumbani Pasua saa kumi jioni. Ipime mchana, katika chumba unachochezea.

Namna ya kupima. Washa kipimo cha fremu cha simu yenyewe: kwenye ROG kiko ndani ya Game Genie, kwenye RedMagic ndani ya Game Space. Toa kava, weka mwanga wa kioo nusu, zima chaji. Cheza PUBG mechi mbili mfululizo kwenye ramani ya Erangel, kama dakika 50 hadi saa nzima, na uangalie namba dakika ya 5, ya 20 na ya 40. Kushuka fremu mbili tatu si tatizo. Namba inayoruka 90, 62, 85, 58 ndiyo inayoua mchezaji, kwa sababu mkono unazoea mwendo mmoja na kioo kinakupa mwingine. Kama muuzaji hakupi saa nzima, omba dakika 20 na uendeshe jaribio la mzigo la 3DMark linaloitwa Wild Life Stress Test. Linarudia picha ileile mara 20, dakika moja kila mara, halafu linakupa asilimia ya uthabiti. Simu mbili zenye prosesa moja utaziona zinaachana hapo.

Sasa hizi hertz. Kioo cha 60 kinabadilisha picha kila milisekunde 16.7, cha 120 kila 8.3, cha 165 kila 6.1. Kutoka 60 kwenda 120 jicho linaona na kidole kinahisi. Kutoka 120 kwenda 165 unaokoa milisekunde mbili na ushei, tena kama gemu lenyewe linaruhusu. PUBG Mobile walileta fremu 120 mwaka 2024, na si kwa kila simu. eFootball inakwenda 60. Kioo cha 165 kikionyesha gemu la fremu 60 hakiongezi fremu hata moja.

Linganisha milisekunde mbili hizo na mtandao. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Moshi hadi seva (kompyuta inayoendesha gemu) ya Ulaya, ukifuata mkongo wa baharini, ni kama kilomita 10,000, kwa hiyo kwenda na kurudi tu ni kama milisekunde 100 kabla ya mnara wako kuongeza zake. Hakuna simu inayofupisha bahari. Jaribu seva ya Mashariki ya Kati kisha ya Ulaya, saa ileile unayocheza, na uangalie kama ping, yaani milisekunde za kwenda na kurudi, inatulia. Ping ya 140 iliyotulia inachezeka. Inayoruka 90 hadi 300 haichezeki. Saa mbili usiku data ya simu inajaa watu, hivyo kama faiba imefika mtaani kwenu, router nzuri yenye Wi-Fi ya GHz 5 itakufaa kuliko kuongeza laki nane kwenye simu. Hili nalisisitiza kwa sababu naona vijana wanamaliza akiba yote kwenye kifaa halafu wanacheza kwa bando la saa 24 lililobaki MB 300.

Vitufe vya begani ndiyo kitu ambacho simu ya kawaida haikupi kabisa. Unavipangia kufyatua na kulenga, vidole gumba vinabaki na kazi ya kutembea na kugeuza kichwa. Ila soma kanuni kama unaingia mashindano, yapo yanayovikataza.

Kwenye kununua, hatari kubwa ni toleo la China linalouzwa kama la kimataifa. Mengi ya matoleo hayo hukosa baadhi ya bendi za 4G za masafa ya chini, hasa 20 na 28, na masafa ya chini ndiyo yanayopenya kuta na kufika mbali. Mjini utaona iko sawa, ukipanda Marangu au Machame inahangaika. Weka laini yako mwenyewe, tundu la kwanza kisha la pili, piga simu na fungua data. Halafu ingia Play Store, mipangilio, kuhusu, uone kama kifaa kimethibitishwa na Play Protect. Kisipothibitishwa, huenda kuna mtu amebadilisha mfumo, na programu za benki zinaweza kukataa kufunguka. Piga *#06#, linganisha IMEI (namba za utambulisho wa simu) zote mbili na za kwenye boksi, kisha zitume kwa SMS kwenda 15090 uone TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanaitambua kama simu gani. Jina likirudi tofauti, rudisha simu hapo hapo.

Angalia na kichwa cha chaji. Cha China kina meno mawili bapa, soketi zetu ni za matundu matatu. Hakiingii, kwa hiyo mtu anatumia adapta ya bei rahisi, nacho kinakaa kwa kulegea. Chaji ikipita hapo, plastiki inaweza kuungua, na chaji ikakatika-katika bila wewe kujua kwa nini. Nunua kichwa cha meno matatu cha USB-C PD (mfumo wa pamoja wa chaji ya haraka), wati 65, chenye PPS (kinachorekebisha volti kadiri simu inavyohitaji). Kitachelewa kidogo kuliko cha kiwandani lakini ni salama. Ukicheza huku umechomeka, washa chaji inayopita pembeni ya betri, zote RedMagic na ROG wanayo. Umeme unakwenda kwenye simu moja kwa moja na betri inapumzika. Betri ya lithiamu inazeeshwa na joto pamoja na kukaa 100%, na gemu kwenye chaji ya kawaida inaipa vyote viwili.

Feni ina gharama yake pia, nayo ni tundu. RedMagic 9 Pro haina kinga rasmi ya maji, na vumbi la kiangazi linashika kwenye mapezi ya njia ya hewa hadi feni inaunguruma bila kupoza. Isafishe kila mwezi kwa brashi laini kavu, simu ikiwa imezimwa. Usipulize kwa pampu ya gereji, inaizungusha feni kupita kasi yake na kuiua. Kava lazima liwe na uwazi mahali hewa inapoingia na inapotoka.

Kioo kikipasuka, jiandae. Cha Samsung fundi wa mjini anakupatia bila shida, cha simu ya gemu mara nyingi kinaagizwa China na unasubiri wiki kadhaa. Na ukiamua kuchukua iliyotumika, ingia chumba chenye giza, weka picha ya kijivu kioo kizima, mwanga wa chini. Iliyochezewa PUBG miaka miwili inaweza kuonyesha kivuli cha kitufe cha kufyatua na duara la ramani pale pale vilipokaa. Hakuna fundi wa kukiondoa, ni kubadili kioo.

Kwa matumizi yako ya saa nne za PUBG, mimi ningechukua RedMagic toleo la kimataifa, mpya, RAM 12 inatosha. 9 Pro ilitoka kwa dola 649 nje, wakati ROG Phone 8 ilianzia karibu dola 1,100 na tofauti hiyo hutaiona kwenye mechi. Masharti ni kwamba simu uliyonayo sasa usiiuze. Laini ya M-Pesa, picha na simu za wateja zibaki huko, maana kamera ya mbele ya RedMagic iko chini ya kioo na picha zake zina ukungu, na hutaki kuitoa simu yenye tundu mfukoni ukiwa juu ya boda mvua ya Aprili ikinyesha. Kama unataka simu moja tu ya kila kitu, achana na zote mbili: chukua Galaxy S24 au Ultra yake, wameahidi masasisho ya miaka saba, na uongeze feni ya kubana mgongoni. Ile yenye sahani inayopozwa kwa umeme iwashe baada ya gemu kuanza, uizime kabla hujatoka, kwa sababu ikiachwa kwenye simu isiyo na kazi, mgongo unapoa kupita kiasi na umande unaanza kutengeneza matone ndani.