Mgonjwa mahututi naye alale

SWALI: Mimi ni muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi hapa Moshi. Wagonjwa wetu hukesha, na baada ya siku chache baadhi huanza kupayuka na kung'oa mipira waliyowekewa mwilini. Daktari wa zamu akiombwa dawa ya usingizi husita. Nifanyeje?
Msomaji, Moshi

JIBU: Daktari anasita kwa haki. Dawa za usingizi kama diazepamu na midazolamu humfumba mgonjwa macho, lakini hupunguza ule usingizi mzito ambao mwili unauhitaji, na zenyewe huongeza hatari ya kuchanganyikiwa. Mgonjwa akianza ghafla kuhangaika usiku, usiseme tu amekosa usingizi. Angalia kwanza oksijeni, sukari, maumivu, joto, na kama mpira wa mkojo umeziba.

Hayo yakiwa sawa, tazama ratiba ya zamu. Mzunguko mmoja wa usingizi huchukua kama dakika 90. Sasa hesabu kitanda kimoja kinaguswa mara ngapi kwa usiku: presha, joto, dawa, sukari, kugeuza, dripu. Kila kazi ikiwa na saa yake, mgonjwa hamalizi hata mzunguko mmoja. Ziunganishe. Ukimgeuza saa sita usiku, papo hapo pima, toa dawa, badilisha dripu inayokaribia kuisha, halafu mwache hadi saa nane. Kugeuza kila saa mbili kunabaki palepale kwa sababu ya vidonda vya mgandamizo, vile vya kulalia upande mmoja muda mrefu, lakini saa mbili ni dakika 120: kazi ikiisha kwa dakika 20, amebaki na 100 za kulala. Makohozi yafyonzwe yanapoonekana au kusikika, si kwa kufuata saa. Mkanda wa presha unaojikaza kila dakika 15 humwamsha kila mara; hali ikiwa imetulia, mwombe daktari akubali muda mrefu zaidi.

Kuna desturi moja inayotuuma: kumwogesha mgonjwa saa kumi alfajiri ili zamu ya asubuhi imkute safi. Hapo ndipo anapoibiwa usingizi. Aogeshwe jioni au asubuhi kukishapambazuka, na damu ya vipimo isiyo ya dharura isubiri pia.

Kuhusu kelele, Shirika la Afya Duniani linashauri wodi isizidi desibeli 30 usiku, na chumba chenye mashine hupita hapo kwa mbali. Kengele nyingi za monita, ile mashine inayofuatilia mapigo ya moyo, ni za uongo, na chanzo mara nyingi ni vibandiko vya kifuani vilivyokauka. Futa ngozi, ikaushe, badilisha vibandiko kila siku. Viwango vya kengele vipangwe na daktari kulingana na mgonjwa huyo. Kuzima kengele kabisa ni hatari. Makabidhiano ya zamu yafanywe kwa sauti ya chini.

Saa nne usiku zima taa kubwa, acha ndogo ya kufanyia kazi. Saa moja asubuhi fungua mapazia, na anayeweza kukaa akalishwe, maana mwili hujua usiku kwa kuuona mchana. Kitambaa laini cha macho na vizibo vya masikio husaidia kwa aliye na fahamu na aliyekubali. Aliyechanganyikiwa usimfunge macho, atazidi kuogopa. Na Juni na Julai, baridi ya huku kwetu ikibana, blanketi la pili na soksi si anasa.

SWALI: Baba amelazwa chumba cha wagonjwa mahututi, nasi tunaruhusiwa kumwona jioni tu. Tumsaidieje alale?
Msomaji, Arusha

JIBU: Mpelekeeni miwani yake na kifaa cha kusikia kama anacho, na mmwambie leo ni siku gani na yuko wapi, hata kama hajibu. Mwambieni muuguzi baba hulala ubavu gani, saa ngapi, na kama husali kwanza. Ingieni kwa idadi mnayoruhusiwa, msiongelee ada wala mashamba kitandani. Vidonge vya usingizi kutoka duka la dawa au mitishamba msimpe kwa siri: anayepumua kwa shida anaweza kushindwa kupumua kabisa.